Koti Iliyolala Nyuma ya Pikapu

Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, halafu anisikilize. Haya hayakuletwa na pombe, maana mimi sinywi. Hayakuletwa na usingizi, maana ilikuwa mchana, na mke wangu alikuwa kando yangu macho wazi. Muulizeni.

Mimi ni mtu wa Ruiru. Shule niliionea dirishani tu, lakini gari naijua. Nilianza kwa kusukuma mkokoteni, nikawa utingo wa malori, na leo, pamoja na hii Hali ya Hatari ya serikali na pasi zake zote za kusafiria, nina pikapu yenye jina langu mlangoni kwa rangi nyekundu. Ni wangapi hapa kwetu wanaweza kusema hivyo?

Pikapu hiyo niliinunua kuukuu kwa Mzee Karugu, mwenye duka huko Thika. Injini yake inaimba. Lakini ilikuwa na ugonjwa mmoja: ikitoka Ruiru kwenda Thika, inatetemeka. Si kuruka kwa ajili ya mashimo, la. Kutetemeka, kidogo kidogo bila kuacha, mpaka meno yako yanagongana. Ikirudi Ruiru imetulia kama kitanda.

Jamani, nilitafuta! Tairi za mbele nikazipeleka nyuma. Nati zote nikazikaza. Nikaweka raba mpya chini ya injini. Nikashusha shafti, ule mtaimbo unaopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, nikaiviringisha juu ya meza nione kama imepinda. Imenyooka kabisa. Mafundi wakaniambia, "Iuze." Niuze? Mimi?

Shida yenyewe ilikuwa mayai. Nilikuwa nimepata kazi ya kupeleka mayai kwa hoteli moja ya Wazungu huko Thika, kazi iliyotamaniwa na kila mwenye gari Ruiru, na pikapu yangu haikuwa na kazi nyingine. Mara mbili mayai yalifika yamekuwa uji. Mpishi mkuu akanisimamisha mlangoni pa jikoni akasema, "Yakivunjika tena, usirudi."

Basi siku ile ya Julai, na Julai ya kwetu mnaijua, ukungu na manyunyu tangu asubuhi, nikapanga masanduku ya mayai ndani ya maganda ya kahawa. Mama Njeri, mke wangu, akakaa mbele na kikapu mapajani. Mimi nimevaa koti yangu ya jeshi, nzito, vifungo vya shaba. Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichojinunulia nilipoacha kutumwa na watu. Watu walinijua kwa koti hiyo kabla ya kunijua kwa gari.

Hatujaenda mbali, ikaanza.

"Baba Njeri, gari yako ina malaria."

"Nyamaza, nasikiliza."

"Unasikiliza nini? Mayai yanalia."

Tulipoanza kuteremka kwenda mto Ndarugu, nikapata akili. Nikatoa gia, nikazima injini, nikaiacha gari iteremke yenyewe. Kama ubaya ni wa injini, itatulia. Haikutulia! Nikapiga kelele kwa furaha: "Nimeikamata! Ni magurudumu!" Nikaiingiza kando ya barabara kabla ya daraja, nikavuta breki. Magurudumu yakasimama.

Niaminini: gari ikaendelea kutetemeka.

Injini imezimwa. Magurudumu yamesimama. Upepo hakuna. Na vifungo vya koti yangu vinagonga usukani, ti-ti-ti-ti. Gari ina nini kingine cha kutetemeka? Niambieni nyinyi.

Nikashuka, nikaenda nyuma.

Katikati ya masanduku alikuwa ameketi mtu. Magoti yamefika kidevuni, shati jepesi limelowa, midomo imekuwa ya majivu. Sikumbeba mtu mimi! Alikuwa akitetemeka, na jinsi alivyotetemeka ndivyo bati la gari lilivyojibu, pigo kwa pigo.

Akasema bila kuinua kichwa, "Bado tu hatujafika hospitali?" Halafu, "Baba, huna hata gunia?"

Mama Njeri alikuwa ameshamwona kwa kidirisha cha nyuma. "Ngai! Usimpe koti! Mtu akifia ndani ya nguo yako, utaivaa tena?"

Sisi watu wa huku tunajua hilo. Nguo iliyofunika mtu akikata roho hairudi kwa mwenyewe. Inatupwa porini na uchafu wake wa kifo.

"Huyu naona alishamaliza kufa, Mama Njeri," nikamwambia.

Nikavua. Nilipomfunika mabegani nikamgusa shingo: baridi ya bati la alfajiri.

Gari ikanyamaza hapo hapo. Nikausikia mto.

Tuliingia Thika bila mtikisiko hata mmoja, mimi naimba kwa nguvu ili nisigeuke, mke wangu amenishika shati. Pale hotelini, nyuma ya gari hapakuwa na mtu. Koti ilikuwa imelala juu ya masanduku, imejikunja kama yenye magoti ndani. Na mayai? Hakuna lililopata ufa! Kazi ninayo mpaka leo.

Nikaenda moja kwa moja kwa Karugu. "Mzee, kwa ile gari ulimbeba nani?"

Akaweka chini kopo la kupimia sukari. "Jirani yangu wa Ruiru, kabla sijahamia huku. Kifua kilimbana mwezi kama huu, nikamleta hospitali. Nilikuwa na blanketi yangu mpya mapajani. Nikaona huyu hafiki, na akifia ndani yake nitaitupa. Alikuwa akigonga dirisha akisema baridi. Nikamwambia, tunakaribia."

Akaokota kopo lake, akarudi kwenye sukari. Nami nikarudi kwenye gari, na koti nikaiacha huko huko nyuma.

Mwaka uliofuata Mama Njeri aliifua ile koti akaianika uani. Pikapu imesimama pale pale bila dereva, ikaanza kutetemeka mpaka kuku wakatawanyika na mlango ukafunguka wenyewe. Yeye aliyenikataza ndiye aliyekimbia na koti mbichi akaitandaza nyuma. Siku hizi ni yeye anayeikunjua kila asubuhi. Mimi Julai natembea na sweta, na wanaouliza koti yangu iko wapi nawaacha waulize.

Kwa hivyo wewe unayenunua gari kuukuu, usiishie kupiga tairi teke na kusikiliza injini. Uliza nani alilala nyuma mara ya mwisho, na kama alifunikwa. Na ukiiona pikapu yangu imesimama Ruiru, jina jekundu mlangoni, koti ya vifungo vya shaba huko nyuma, usijaribu kuichukua hata mvua ikunyeshee. Hiyo iko na mwenyewe.