Kifaru cha Bavyaa Wangu

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu, ingawa nikihesabu sawasawa zilikuwa alasiri nne. Zimeshaungana kichwani kama usingizi wa mchana: chumba cha juu, dirisha limeegeshwa, jua linaingia vipande vipande, na vumbi la chaki linaelea ndani yake lisitake kutua. Ilikuwa miaka ya sitini, Uhuru ungali mpya. Mimi nilikuwa bibi harusi wa miezi mitano katika nyumba ya wakwe zangu kule Kibokoni, na nilikuwa nimeshaamua kuondoka.

Sababu utaicheka. Ilikuwa mkate wa sinia, ule wa mchele unaookwa kwa makaa juu na chini. Niliuunguza siku tuliyokuwa na wageni, na mavyaa, mama wa mume wangu, akaupindua mbele ya wanawake wenzake, akautazama ule weusi wa chini, akasema, "Asofunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu." Wakacheka kidogo, wakaendelea na kahawa yao. Kwao yalikwisha hapo.

Kwangu hayakwisha. Mama yangu alikufa sijajua hata kusuka nywele zangu mwenyewe. Aliyenilea ni kaka yangu Salimu. Yeye ndiye aliyenipikia, ndiye aliyenishika mkono kunipeleka chuoni kusoma Kurani. Basi neno lile liliniganda kifuani. Nikila lipo, nikilala lipo. Mume wangu alikuwa melini, sina wa kumwambia. Jumatatu asubuhi, siku ya tatu tangu ule mkate, nikamtuma mtoto wa jirani aende Tudor kwa kaka. "Mwambie mavyaa amemtukana mama yetu. Ijumaa aje anichukue." Kisha nikaanza kupanga kanga zangu sandukuni.

Bavyaa, baba wa mume wangu, alikuwa mtu wa maneno machache. Alikuwa fundi wa magari kule Shimanzi hadi alipostaafu, na kabla ya hapo alitengeneza malori ya jeshi wakati wa vita. Nadhani aliliona lile sanduku limefunguliwa. Lakini kwetu baba mkwe hamkaripii mke wa mwanawe, ni aibu; akiwa na la kusema hulipitisha kwa mkewe, na huyo mkewe ndiye niliyekosana naye. Kwa hivyo aliniita kwa jambo jingine kabisa.

"Mama, ndoo hapa unifae. Mkono wangu watetema."

Kule chumba cha juu, mezani palikuwa na kifaru cha vita cha plastiki, urefu wake kama kiganja changu. Mume wangu alimletea kutoka Ulaya, vipande vitupu ndani ya boksi, naye akaviunganisha kimoja kimoja. Kilibaki kupakwa. Akanionyesha picha: vifaru vya Wajerumani vilikuwa vikikandikwa rojo zito lenye mistari mistari, ili mabomu ya sumaku yasinate kwenye chuma. Nilimtazama nikidhani uzee umemfika.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kwanza unaiparuza plastiki kwa msasa, kwani ikiwa laini haishiki kitu. Unasaga chaki za shule, unazichanganya na gundi mpaka ziwe nzito kama uji wa mgonjwa, unapaka kwa ncha ya kisu, kisha unapitisha kitana juu yake, mstari chini ya mstari. Kitana kilikuwa changu. Siku ya kwanza nilikuwa na hasira, nikachana ingali mbichi, mistari yote ikalala. Akaifuta kwa kitambaa. Siku ya pili nikachelewa, ikabanduka vigae vigae. Akafuta tena. Siku ya tatu ndipo nilipojua kungoja: unagusa, kidole kinatoka kikavu na alama yake inabaki. Hapo ndipo.

Ajabu ya saa zile, mwanangu, sijaipata tena. Chini namsikia mavyaa akigombana na paka, juu kitana kinakwenda polepole, bavyaa anasinzia, anaamka, anasema "hapo pembeni," anasinzia tena. Nikagutuka kuwa sijalikumbuka lile neno tangu adhuhuri. Niliona haya, kama niliyemsaliti mama yangu.

Alhamisi tukamaliza. Nikamuuliza, "Baba, chaki hii yaweza kuzuia bomu kweli?"

Akatoa sumaku iliyong'olewa kwenye redio kuukuu, akaiweka ubavuni mwa mkebe wa biskuti. Ikanata, nikavuta nisiiweze. Akakunja kipande cha gunia, akakiweka katikati. Sumaku ikateleza ikaanguka mezani.

"Bomu haizuwii," akasema. "Hulinyima pa kushika tu, likaanguka huko. Na kombora la mzinga laja likapasua chaki na chuma pamoja. Mtu akikupiga, mama, usikae ukapaka chaki. Enda kwenu siku hiyo hiyo, na sanduku nitakutukulia mimi. Lakini neno..." Akapuliza vumbi mezani. "Mimi na huyo wa chini tuna miaka thalathini. Kila siku ana lake la kunitupia. Kinywa jumba la maneno. Yangalinata yote, ningalikuwa wapi?"

Nikacheka, mara ya kwanza tangu ule mkate. Nikaenda nikatoa kanga sandukuni moja moja, nikashuka jikoni. Mavyaa hakunitazama. Alisogeza kibao kwa mguu. "Keti hapo uone moto wa juu na moto wa tini. Mamako angalikuwako angalikuonyesha. Hayuko, basi nitazame mimi." Hakuniomba radhi, wala sikuihitaji tena. Nilimpenda mwanamke yule mpaka alipokufa.

Yangeishia hapo yangekuwa matamu. Ijumaa baada ya swala kaka Salimu akaja, na kanzu yake ya msikitini, uso umemvimba kwa hasira.

"Tukua sanduku lako twende."

"Siendi, kaka. Yamekwisha."

"Yamekwisha kwako. Mimi nimetukaniwa mama."

Mavyaa akatoka na kikombe cha kahawa, akamkaribisha kwa heshima zote. Kaka akakiacha pale barazani, akaenda zake. Hakula tena katika nyumba ile. Harusi za wanangu alisimama mlangoni, akawatunza pesa, akarudi Tudor. Mavyaa alipokufa alikuja akazika, lakini ndani hakuingia. Nilimweleza mara ngapi? Maji yakimwagika hayazoleki. Mavyaa alisema methali, tena kwa kupitiwa. Tusi nililituma mimi. Nililitoa mahali liliposemwa likasahauliwa, nikalipeleka kwa mtu aliyenilea kwa mikono yake miwili, likakaa kwake maisha yake yote. Alikufa nalo. Hilo ndilo linaloniuma, si la mkate.

Basi nasaha yangu, mwanangu, ni hii. Neno likikupata, lingoje kwanza kabla hujaliita tusi. Likikushinda kulimeza, mwambie aliyelisema. Usiliwahishe kwa anayekupenda lingali la moto, kwani huyo hana kinga mbele ya machungu yako. Wewe utapatana na aliyekuudhi, mtakula sinia moja. Yeye atabaki nje na hasira uliyompa. Ama mkono ukiinuliwa juu yako, hapo usingoje wala usisitiri: piga ukelele, na nduguzo waje wote.

Mola akupe wakwe wenye huruma kuliko ndimi zao. Akupe mume wa kukusikiza na watoto wa kukuzika. Na ndugu yako akuwekee karibu, aingie kwako bila hodi, ale, ashibe, akuambie mkate wako umeungua. Amin.