Sahani Iliyovuka Kichochoro

Mke wangu Mwatima, huu mwezi wa tatu tangu afariki. Waliokuja matangani walimsifu kwa upishi. Lugha yake hakuna aliyeitaja.

Alikuwa nayo. Waliitunga wawili, yeye na Bi Sheikha wa nyumba ya mbele, walipokuwa watoto wa chuo kimoja cha Kurani hapa Kiponda. Madirisha yetu yanatazamana. Ukinyoosha ufagio unagusa ukuta wa pili. Wakizungumza hapo kila siku, na sahani zikivuka kichochoro: leo mkate wa kumimina, kesho visheti. Miaka thelathini hapana sahani iliyorudi tupu. Ndiyo ada.

Siku moja nikamuuliza lugha yao inakwendaje. Akacheka.

"Kinachotolewa tunakitia *sha*. Anayepewa tunamtia *lo*. *Ruvi* ni mkate, *zema* ni kutoa. *Ruvisha Sheikhalo zema*. Hata uyapindue maneno, mkate haupotei njia."

"Na mtoaji?"

"Mtoaji hatumtii kitu. Anajijua."

Baada ya Mapinduzi mumewe Bi Sheikha alikwenda Mombasa. Bi Sheikha akabaki na binti yake Ruqaya. Aliomba ruhusa ya kusafiri, akanyimwa. Akaomba tena, akaambiwa asirudi kuuliza. Masoud, mkubwa wa mtaa wetu, akaweka kiti chini ya dirisha lake. Ukiingia kwa Bi Sheikha unaulizwa. Sahani ikipita, Masoud anafunua kawa atazame. Maneno yao ya dirishani tu ndiyo hakuyajali. Akiyaona mchezo wa wanawake.

Mwaka wa sabini na moja, Hamad wa Mangapwani, binamu yake Mwatima, akakubali kumvusha Bi Sheikha na bintiye kwa siri mpaka Mombasa. Ilibaki kujua siku tu. Hamad angeileta kwetu, Mwatima angeipitisha dirishani kwa lugha yao. Mimi nilikuwa nayajua yote hayo.

Jumapili ile nilikuwa Michenzani, kazi ya kujitolea. Tumejipanga mstari, makarai ya zege yanapita mkono kwa mkono. Jua kali, watu wamenuna. Kushoto kwangu alikuwa Jecha. Sijui shetani gani alinipitia. Nikampa karai, nikasema:

"Karaisha Jechalo zema!"

"Nini tena hiyo, mzee?"

Nikamweleza. Akaangua kicheko, akampa wa pili: "Karaisha Pandulo zema!" Mstari mzima ukashika. Makarai yakakimbia. Nami nikajiona mtu.

Masoud alikuwa juu ya kifusi, anasimamia.

"Mzee Muhiddin, umeitoa wapi lugha tamu hii?"

"Kwa mke wangu," nikasema. "Na shoga yake."

Jioni ile watoto wa kichochoroni walikuwa wanaiimba. Asubuhi Masoud alisogeza kiti karibu zaidi, akainua uso.

"Bi Mwatima, semeni basi! Na mie nshaanza kufahamu. Leo nani anapewa, na anapewa nini?"

Waliopita wakacheka.

Jumanne Hamad akaleta siku: Alhamisi, baada ya alfajiri. Mwatima akasimama dirishani. Bi Sheikha naye kwake. Masoud chini, mguu juu ya mguu. Wakatazamana mpaka adhana ya adhuhuri. Hapana aliyefungua kinywa.

"Ntakwenda mimi nikamwambie," nikasema.

"Kaa," akasema Mwatima. "Wewe ushasema."

Alhamisi ikapita. Hamad hakuja tena. Bi Sheikha akafunga dirisha lake, Mwatima akafunga letu. Miaka miwili tukawasha taa mchana. Alinipikia, alinifulia. Neno lake lilikuwa moja, "Chakula tayari." Alipolala kitandani, hali mbaya, nikamwomba radhi.

"Hilo si langu kulisamehe," akasema, akageukia ukutani.

Baada ya arubaini nikapika mkate wa kumimina mwenyewe. Uliungua chini. Nikautia kwenye sahani ya Mwatima, nikaufunika, nikavuka. Masoud akafunua, akanusa, akafunika.

"Umeungua huo, mzee."

"Najua."

Ruqaya akanifungulia. "Shikamoo."

"Marahaba. Mama yupo?"

Bi Sheikha alikuwa amesimama kwenye ngazi. Kakonda, kabaki macho.

"Bi Sheikha, niliyesema Michenzani ni mimi."

"Najua. Watoto wakiimba hapa hapa mlangoni."

"Nakuomba radhi."

Akateremka. Akaitazama sahani.

"Ya Mwatima hii."

"Naam."

Akaipokea kwa mikono miwili. Mlango ukafungwa.

Jana Ruqaya ameirudisha. Hakuniangalia usoni. Imeoshwa, imekaushwa vizuri. Tupu.

Nimeiweka kwenye kizingiti cha dirisha. Dirisha sijalifungua. Masoud namsikia chini anakohoa.