Zulia la Ng'ombe Wawili

Wewe unayenisikiliza, usianze na maua. Kila mtu huanza na maua, ndiyo maana watu huuziwa vitu visivyo. Ligeuze zulia kwanza, mgongo uwe juu, kisha ulipapase kwa kiganja kabla ya kulitazama. Zulia la mashine mgongo wake umenyooka kama mistari ya daftari. La mkono lina vifundo vidogo visivyolingana, kwa sababu aliyevifunga alikuwa mtu, na ikifika jioni mtu huchoka. Ukivikuta hivyo vifundo umeshajua nusu ya kazi, na wala si vigumu.

Mimi nilifundishwa hayo mjini Moshi, katika duka la mzee mmoja Mhindi aliyekuwa akinunua vyombo vya jamaa zake waliohamia Kanada. Aliniajiri nishone makochi. Makochi yalipopungua, alinipa sindano ndefu na zulia lililoliwa na panya, akasema, "Kaa nalo tu. Hili halina haraka, na wewe usiwe nayo." Nikakaa nalo miezi mitatu. Mpaka leo macho yangu hayajapona vizuri.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, na wanunuzi kutoka Nairobi walikuwa wakiingia kupitia mpaka wa Holili kutafuta vitu vya zamani: saa za ukutani, masanduku, vigoda. Basi kila aliyekuwa na kitu cha bibi alikikunja ndani ya khanga akatuletea. Mara nyingi kilikuwa zulia laini la mashine lenye picha ya kulungu anakunywa maji. Nilikuwa nikimkalisha mwenyewe, namgeuzia, namwonyesha matamvua yaliyoshonewa pembeni kama lesi ya pazia, namweleza polepole. Anashukuru, anakunja kulungu wake, anaondoka. Kuwavunja watu moyo kwa upole ni kazi nzito kuliko kubeba makochi, maana jioni hakuna mahali unapoitua.

Siku moja alikuja mama mmoja mtu mzima kutoka Masama, huko juu mlimani. Hakuwa na mzigo. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa kwenye kochi lisilo na kitambaa.

"Fundi, zulia langu ni kubwa, haliwezi kushuka huku. Njoo ulione. Na ukishaliona, waambie wanangu ni ghali."

"Mama, kama si ghali je?"

"Ni ghali. Wewe njoo tu uwaambie. Kitu cha ghali watakiogopa."

Akanieleza. Mumewe alikuwa mpishi wa mlowezi mmoja mwenye shamba la kahawa. Mlowezi alipoondoka nchini alimwachia zulia hilo. Watoto walilala juu yake. Mumewe alipofariki, waombolezaji walilikalia matanga yote. Sasa wanawe wawili walikuwa wanaligombania, naye alitaka kitu kimoja tu: libaki zima sebuleni mpaka watu walikalie kwenye matanga yake mwenyewe. Baada ya hapo wafanye wanavyotaka.

Jumamosi nikapanda. Nilikuta ukoo umekaa. Kifungua mimba alikuwa amefika kutoka Dar, viatu vyake vinang'aa kuliko meza. Kitinda mimba, ambaye kwa desturi za kule ndiye hubaki na nyumba ya baba, alikuwa bado na matope ya zizini. Katikati yao alikaa baba yao mdogo, mzee ambaye wote walimwita meku kwa heshima, na kibuyu cha mbege, pombe ya ndizi, kikiwa miguuni. Mama yao alikaa mlangoni, nusu ndani nusu nje.

Nikaligeuza zulia, na uchovu wote niliopanda nao ukanitoka kwa muda. Vifundo vilikuwa vidogo kama punje za ulezi. Niliwaita waje karibu. Niliwaonyesha matamvua, kwamba hayakushonewa: ni zile nyuzi za mtande zenyewe, zilizopita urefu wote wa zulia na kutokeza huku na huku. Nikachomoa uzi mmoja nikauchoma kwa kiberiti. Ukanuka kama nywele zilizoungua.

"Hiyo ni sufu," nikasema. "Yanayofumwa Pakistani kwa mfano huu mara nyingi mtande wake ni pamba, na pamba ingenuka kama karatasi. Hili limetoka mbali zaidi, kwa Waturkmeni wa Asia ya Kati, wafugaji wa kondoo."

"Wafugaji," alisema meku, akaridhika. "Watu wa maana."

Nikawaonyesha nyayo za tembo, ndivyo mzee wa dukani alivyoyaita yale maua ya pembe nane yaliyopangwa safu kwa safu kwenye wekundu wa ini. Nikalowesha leso nyeupe nikasugua, haikushika rangi. Nikapanua manyoya kwa vidole wakaona wekundu unafifia taratibu kutoka shinani hadi nchani, haukatiki ghafla kama zile rangi kali za kiwandani. Nikawapapasisha zile nyuzi nyeusi, zilizokuwa zimeliwa na rangi yake yenyewe mpaka zikazama chini ya nyekundu. Kuzama huko huchukua miaka mingi. Nikakadiria kwamba lilifumwa kabla ya kuzaliwa meku.

"Na haya madoa?" akauliza kitinda mimba.

"Hayo ni baba yako," mama yake akajibu kutoka mlangoni. "Mvua ilimkuta ameanika kahawa, akaikimbiza humu ndani, akaimwaga yote juu yake. Nilinuna wiki nzima."

Wakacheka, hata yule wa Dar. Nilidhani mambo yamekwisha vizuri.

"Sasa bei," akasema kifungua mimba.

Ningeweza kutaja shilingi, lakini shilingi wakati ule ilibadilika kila ukiamka, na mimi hupenda mtu aelewe. Nikasema, "Mnunuzi mwaminifu angetoa thamani ya ng'ombe wawili wa kisasa, wa maziwa."

Nikamwona mama yao akinyoosha mgongo. Ni ghali, nimesema, kama alivyotaka. Meku naye aliwatazama wale vijana, mmoja kulia, mmoja kushoto.

"Wawili," akasema. "Na hawa ni wawili."

"Meku, nilikuwa natoa mfano tu."

"Mfano mzuri sana. Tangu asubuhi nawasikiliza hawa, mmoja anasema ni la nyumba, mwingine anasema ni la mkubwa. Fundi, likikatwa litafumuka?"

Hapo ndipo ningeweza kusema ndiyo. Neno moja tu. Lakini nilikuwa nimeulizwa swali la kazi yangu, swali zuri, na nimezoea kujibu. Nikaeleza kwamba kila kifundo kimefungwa peke yake, hakimtegemei jirani, na kwamba zulia la namna hii hata ukilikata vifundo hubaki vimekaa. Nilieleza vizuri mno. Nilitumia hata vidole.

"Basi," akasema meku. "Kila mtu na ng'ombe wake."

Nikajaribu. Niliwaambia nusu mbili hazifanyi ng'ombe wawili, hazifanyi hata ndama, kwamba thamani iko kwenye uzima. Kifungua mimba alikuwa ameshatoa futi kamba. Kitinda mimba alikwenda kuleta kisu cha kuchinjia. "Kazi yako umeimaliza, fundi, na umeifanya kwa haki," meku akaniambia, akanijazia mbege. Wakalipima katikati, wakalikata kutoka nyuma nilipowafundisha kutazama, wakipita kati ya nyayo za tembo ili asidhulumiwe mtu. Ilichukua muda. Mimi nilikuwa nakunywa.

Mama yao alinisindikiza hadi kwenye migomba ya mwisho.

"Nilikuita uwatishe," akasema. Hakupandisha sauti. "Umewagawia."

Nikamuaga, nikateremka mjini. 

Baada ya mwezi alishuka mjini, kijana amembebea nusu ya kitinda mimba. Vifundo vilikuwa vimekaa, hapo sikukosea. Ila nilisahau kuwaambia juu ya mshindio, ule uzi unaopita kati ya safu za vifundo kuzishikilia. Ukiukata na watu wakakanyaga, hutoka wenyewe, na safu nzima hulegea nyuma yake. Ukingo ulikuwa umeliwa upana wa vidole viwili. Tembo wa pembeni walibaki na nyayo nusu.

Niliushona ukingo ule siku nne kwa uzi wa sufu, bila malipo. Siku ya mwisho alikuja akakaa karibu yangu kunitazama.

"Na ile ya Dar, nani ataishona?"

"Aniletee, mama. Nitaishona na hiyo. Nikizipata zote mbili naweza hata kuziunganisha."

"Itaonekana?"

"Mshono utaonekana. Kukalika, itakalika."

Akapapasa ukingo, kwa kiganja, kama nilivyowafundisha. "Nitamwambia," akasema. Aliniachia mkungu wa ndizi mshare, akaondoka na nusu yake. Nilimwekea ule uzi wa sufu kwenye mkebe, rangi ileile, miaka mitano. Wa Dar hakuleta. Mama alipofariki nilipanda Masama kuzika. Waombolezaji walikuwa wengi na nusu ile haikuwatosha, wengine walikalia mikeka.

Kwa hiyo ukiitwa kupima kitu cha familia, zulia au chochote, kaa kwanza na mikono yako mapajani. Waulize wanataka kukifanya nini, kila mmoja kwa zamu, na uanze na yule aliyekaa mlangoni. Wakishajibu wote, ndipo ukigeuze.