Mbuzi Aliyezunguka Mbele ya Fisi

Niliolewa Nyaishozi nikitokea Rugu, na kabla sijaizoea hata njia ya kisimani, mbuzi wa mama mkwe wakaanza kuliwa na fisi. Fisi walikuwapo siku zote. Ajabu ni kwamba sasa walikuwa wanachagua. Wa kwanza kuliwa alikuwa jike mmoja ambaye kwa siku kadhaa alikuwa akizunguka mahali pamoja, kichwa kakipinda upande. Wa pili naye alizunguka vivyo hivyo, naye akaliwa.

Mama mkwe hakukosa kanisani Jumapili hata moja, lakini mbuzi walipoguswa alirudia mambo ya zamani upesi sana. "Mbuzi wangu hawakuwa na kizunguzungu kabla hujaja," akaniambia huku akimenya ndizi, bila hata kuinua macho. Wanawake wa kisimani nao alikwisha kuwaambia kwamba nimekuja na kitu kutoka kwetu, wakawa wananipisha njia nikiwa bado mbali. Mume wangu, mwanamume mpole hadi anakera, alisema maneno hayo yatapita. Hayakupita. Ilianza kusemwa wazi kwamba nirudishwe, na bibi harusi aliyerudishwa kwa uchawi nani atamwoa tena? Niliogopa hadi chakula kikanishinda.

Kisha mbuzi wa tatu akaanza kuzunguka.

Alasiri moja nilikuwa napalilia maharage pembeni mwa migomba, mbuzi wakila majani bondeni. Fisi akatoka kwenye nyasi, jua bado kali. Mbuzi wote wakatimua mbio, isipokuwa yule. Alizunguka, akazunguka, na kila mzunguko ulimsogeza karibu na fisi, wala hakuonekana kumwona. Watu walinisifu baadaye kwa ujasiri, lakini mimi nilikuwa na hasira tu. Nilijiambia: huyu akiliwa, nami nimeliwa. Nikateremka na jembe huku nikipiga mayowe na kumtukana fisi kwa matusi ambayo bibi harusi hatakiwi kuyajua. Akaondoka polepole, kama mtu aliyekatizwa mlo.

Pale Nyaishozi nyama iliyoguswa na fisi haikuliwa, ilikuwa ya mbwa. Kwa hiyo mabaki ya wale wawili, pamoja na vichwa, yaliishia kwa mbwa wa baba mkwe, na hakuna aliyechungulia ndani. Huyu hakuguswa, akachinjwa nyumbani na baba mkwe asubuhi iliyofuata, kabla fisi hajarudi. Bwana mifugo, aliyekuwa akipita kuchanja ng'ombe dhidi ya ugonjwa wa sotoka, akauliza kwa nini tunachinja jike la maziwa. Alipoelezwa, akaomba kichwa, akakipasua kwa shoka. Ndani ya ubongo mlikuwa na kifuko cha maji, kikubwa kama yai la kuku, chenye vidoadoa vyeupe.

"Mama, huyu ni mtoto wa mnyoo," akamwambia mama mkwe. "Mnyoo mkubwa yumo tumboni mwa mbwa wenu. Mbwa akinya malishoni, mbuzi anayala mayai ya mnyoo pamoja na majani, na mtoto anapanda kichwani. Mbuzi haoni vizuri, hajui pa kukimbilia, anabaki kuzunguka. Fisi anamkuta kama mlo aliotengewa. Halafu kichwa mnampa mbwa, na mnyoo anapata tumbo jingine la kukulia."

"Kwa hiyo ni mbwa?"

"Ni mbwa, mama."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango, kwa kuwa mke mgeni hakusimama mbele ya baba mkwe wake. Nikakaa chini kwenye nyasi zilizotandazwa sakafuni, nikalia kwa furaha, kwa sauti, bila kujali nani ananisikia.

Kichwa kikafukiwa shimoni, na mbwa akafungwa kamba. Kesho yake mama mkwe, ambaye hakuwa ameteka maji tangu nilipoolewa, akajitwika mtungi na kunitangulia kisimani. Wanawake walikuwapo.

"Nilisema huyu ameleta uchawi," akawaambia kabla hata ya kutua mtungi. "Nilikosea. Ni mbwa wetu."

Kisha mmoja akauliza, "Na mbwa, uchawi kajifunzia wapi?"

Mama mkwe ndiye aliyeanza kucheka. Nami nikacheka hadi maji niliyokuwa nimeteka yakamwagika yote. Wakaja kunisalimu mmoja mmoja, wakiniuliza habari za kwetu, kana kwamba nimeolewa asubuhi ile.