Buti za Theluji kwa Utelezi wa Kasulu

Ofisi yetu ya mifugo pale Kasulu ilipata pikipiki moja, na tulioitaka tulikuwa wawili: mimi na mwenzangu mmoja aliyekuwa akizunguka na helmeti mkononi tangu siku ile ile, utadhani keshakabidhiwa ufunguo. Mkuu wetu akasema zamu ya kwanza ni yangu, kwa kuwa vijiji vya mbali vya kuelekea Kibondo ni vyangu. Ila Ijumaa nipande kile kilima cha udongo mwekundu nyuma ya ofisi, na mvua hizi. Nikianguka, pikipiki ni ya mwenzangu, mimi nibaki mezani. Jamani, mimi sikutoka Korogwe kuja kugonga mihuri! Niliitaka ile pikipiki mpaka nikawa naiota.

Nikaenda sokoni kutafuta buti. Kuna mama mmoja anauza viatu vya mtumba, amekulia kambi ya wakimbizi ya Mtabila enzi zile, sasa ni raia na meza yake ndiyo kubwa kuliko zote. Siku hiyo alikuwa amefungua belo lenye maajabu: mabuti manene yenye soksi nene ndani. Aliambiwa na mteja mmoja kwamba Wazungu huyavaa, wakasimama juu ya ubao, wakateleza kutoka mlimani kwenye theluji.

"Sasa sisi theluji tunaipata wapi?" nikamuuliza.

"Utelezi ni utelezi tu, dada. Kaa hapo uendeshe."

Alinionyesha gunia la maharage. Yule mama hamuuzii buti mwendesha pikipiki kabla hajampandisha kwenye gunia, akamwona anavyobadili gia na kushika breki. Madereva wa bodaboda wote wa Kasulu wameshaliendesha lile gunia. Lakini mimi? Afisa mzima, nikae juu ya maharage mbele ya wauza dagaa? Thubutu! Nikachagua mwenyewe zile nyeupe, zimekakamaa, zina kigurudumu pembeni, ukikizungusha zinakukaza mpaka karibu na goti. Mama akaguna tu, lakini hela akapokea.

Jumanne jioni nikaenda kilimani kufanya mazoezi. Nilikuwa nimejiapiza kupanda kama wanaume wanavyopanda, miguu juu, mwendo mmoja. Weee! Kifundo cha mguu hakikunjiki. Natafuta gia, siisikii. Nikikanyaga, sijui nimekanyaga gia au jiwe. Nilipotaka kuteremsha mguu ukagoma, ukakaa vile vile kama mchi. Nikalala kwenye tope na pikipiki ubavuni. Mwenzangu alikuwa dirishani na chai yake, akanipungia mkono. Nilipandwa na hasira hata machozi yakanitoka, na hasira yenyewe si juu yake, ni juu yangu.

Alhamisi nikarudi sokoni na zile nyeupe kwenye mfuko. Sikusalimia vizuri. Nikakaa kwenye gunia.

"Ego," mama akasema, yaani ndiyo kwa lugha ya kwao, kwa upole wa kuniudhi. "Haya, washa. Kuna utelezi mbele. Kuna mbuzi!"

Nikaendesha gunia. Wauza dagaa wakaja, muuza ndizi akaja. Mama hakunitazama usoni hata mara moja, alikuwa anatazama miguu.

"Wewe ni wa kushusha miguu," akasema.

"Nani kashusha?"

"Wewe!" soko zima likajibu.

Nikacheka, ningefanyaje? Tangu nijifunze pikipiki naendesha hivyo, nikiona tope miguu yote miwili chini. Nilikuwa nikiona haya. Mama akanieleza kwamba buti ngumu ni za wale wa mwendo wa kasi wasioondoa mguu, na anayeshusha anataka laini, inayokunjika kifundoni, yenye soli ya meno. Akazirudisha nyeupe mezani, akachimbua chini ya belo jozi nyeusi, mbaya kwa sura, kamba moja ya kijani na moja ya kahawia. Nikavaa, nikakunja mguu, ukakunjika.

Ijumaa mvua ilikuwa imenyesha asubuhi yote. Mkuu alisimama juu kilimani na mwavuli, ufunguo wa akiba umening'inia kidoleni. Ofisi nzima ilitoka. Nikawasha, nikatia gia ya kwanza, nikaisikia vizuri kabisa chini ya kidole. Tope lilipoanza nikashusha miguu yote miwili, nikawa napiga hatua huku pikipiki inakwenda, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Watu wakavunjika mbavu. Nilimsikia mwenzangu akipaza sauti, "Anaendesha au anatembea?" Tairi ikateleza, soli ikauma udongo, nikasimama wima. Nikaendelea. Mwendo wa bata, lakini unapanda.

Nilipofika juu, Mkuu alikuwa anafuta machozi ya kicheko.

"Sasa huku ndiko kuendesha gani?"

"Mkuu," nikamwambia huku natweta, "nimefika, sijafika?"

Akanitazama, akatazama michirizi ya miguu yangu mpaka chini kilimani, akaniwekea ufunguo mkononi.