Vigae vya Mraba wa Saba

Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, najiona msomi kweli kweli, nilipopewa kazi ya kuokota vigae vya kale porini upande wa Zinga. Unaligawa eneo kwa kamba, miraba ya hatua kumi kwa kumi. Kila kigae unachokiona unakipima kwa futi kamba, unaandika kimelala wapi hasa, ndipo unakiokota. Mwalimu wetu alilirudia hilo mpaka likatuchosha.

Kufika mraba wa saba, jua likanishinda. Uvivu, wala si kingine. Niliokota bila kupima, nikatia mfukoni, nikaandika "mraba wa saba", basi. Humo mlikuwa na vipande vya bakuli jeupe lenye maua ya buluu. Ah, la dukani hili! Nikavichanganya na vingine.

Siku ya tatu akaja mama mmoja kwa miguu kutoka kijiji kipya, kule walikohamishiwa watu wa hapo mwaka uliotangulia. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu," akaitikia, akapita, akaanza kupekua majani. Akaenda, akarudi. Mwishowe akaniuliza kama nimeona bakuli.

Loo! Mimi mtoto wa Bagamoyo, kaburi la bibi yangu mwenyewe lina sahani kichwani, nisitambue? Wazee hawakukosea, mvunja nchi ni mwananchi. Bakuli hilo, akanieleza, ndilo marehemu binti yake alilonywea uji siku yake ya mwisho, wakalisimika kaburini. Jiwe hawakuwa nalo.

Nikamwaga mfuko wote kwenye turubai. Alivijua vipande vyake mara moja, akavifuta kwa ncha ya kanga. "Sikulaumu, mwanangu," akasema. "Nionyeshe tu ulipovitoa."

Nikampeleka. Tuta la kaburi lilikwisha kulala kwa mvua, majani yamefunika kote, ardhi sawasawa toka kamba hadi kamba.

"Hapa wapi?"

Nikafungua daftari, nikajidai kusoma, nami nilijua halina kitu. "Sijui, mama," nikasema. Nililia, wala sioni haya kulisema.

Alivua ndala zake nje ya kamba, akaninyooshea kidole miguuni.

"Vua na wewe, baba. Hatujui tunamkanyaga wapi."