Mwalimu Basilisa na Beberu wa Baba

Enzi zetu ukisema una mawazo, ulipewa jembe. Sisi tuliokulia Nambis, huku juu Mbulu ambako ukungu huondoka saa nne asubuhi na saa kumi jioni umesharudi, tulijua malaria, kichomi na surua. Kwamba moyo nao unaugua, hatukuambiwa. Leo binti yangu bando likimwishia anasema ana stresi na anahitaji kupumzika. Namwambia akachote maji, stresi inapanda mara mbili.

Wenzangu mnakumbuka. Mchakamchaka wa pekupeku kwenye umande unaouma, dumu la maji mkono huu, fagio mkono ule. Kiporo cha makande kilichopashwa na bibi, na maziwa ya mgando yenye harufu ya moshi wa kibuyu. Rede tulicheza kwa mpira wa matambara, na aliyepigwa alibisha mpaka mchezo ukavunjika. Siku za anga safi mlima Hanang ulionekana kwa mbali, na mdogo wangu Safari aliapa kwamba anaona watu wanatembea kileleni. Alikuwa na miaka sita, mimi tisa. Alinifuata kila mahali, mpaka nilikuwa najificha.

Jioni moja wakati wa kukamua, Safari alichezea kamba ya ndama ikafunguka. Ndama alinyonya maziwa yote, na fimbo nikachapwa mimi niliyekuwa mkubwa. Nilimgeukia nikamwambia, "Kufa huko!" Ni neno ambalo watoto tulirushiana kila siku, kwenye rede na kwenye foleni ya uji. Siku ya tatu homa ilimpanda. Siku ya tano tulimzika.

Kwetu mdomo unaogopwa. Bibi alizoea kutuonya, "Neno si ng'ombe, likitoka hulirudishi zizini." Nikajua ni mimi. Sikumwambia mtu. Nilifunga mdomo tu, kwa sababu niliogopa neno litakalofuata litamchukua mama.

Hakuna aliyegundua, maana nyumba nzima ilikuwa kimya. Tulikuwa tumeingia kwenye kutengwa, ambako Wairaqw tunakuita metimani. Nyumba iliyofiwa ilikaa peke yake miezi kadhaa. Hamuombi moto kwa jirani, hamuendi sokoni, mtoto haendi shule, ng'ombe wenu wananywa mahali pao. Mtu akiwa na ujumbe alisimama mbali na kupaza sauti. Familia nyingi za kanisani zilikuwa zimeshaanza kuacha mila hiyo, lakini babu wa ukoo wetu alikuwa bado hai na neno lake lilikuwa la mwisho. Nilikaa jikoni na bibi, nikichambua maharage, na katika ukimya ule ububu wangu ulionekana adabu.

Sasa niwaeleze Mwalimu Basilisa. Ndiye mtu wa kwanza kwetu kusomea saikolojia, na alipofika shuleni na daftari lake jeusi, watu walidhani amesomea kusoma mawazo ya watu. Akina mama walivuta kanga usoni wakipishana naye. Mwenyekiti wa kijiji alimwendea kwa siri kumuuliza nani kaiba jembe lake. Alikuwa mzaliwa wa Nangwa, kule Hanang, lakini alikulia kwenye mabweni ya misheni, na mila zetu alizijua kama mtu anavyoijua nchi aliyoiona kwenye ramani. Siku moja aliwaambia watoto wachore nyumba za jirani mchangani. Mmoja alichora ya kwetu, lakini hakuchora njia ya kufika kwetu. Mwalimu aliuliza, akaambiwa kuna msiba na kuna mtoto ambaye hajaonekana tangu Agosti. Kesho yake jioni tukamwona mlangoni.

Aliingia, akakaa, akasalimia wakubwa shikamoo zao zote. Tulikuwa tunakula. Kabla mtu hajafungua mdomo, alinawa akamega ugali kwenye sinia letu. Mama alibaki mkono umeishia hewani. Utamwambiaje mgeni atoe mkono kwenye chakula?

Asubuhi iliyofuata darasa lake lilikuwa tupu. Habari zilikuwa zimetembea haraka kuliko yeye. Wazazi walisema hawawezi kumpa watoto mtu aliyekula na waliotengwa, na mwalimu mkuu akaanza kuandika barua ya kumhamisha. Wazee walikuwa na lugha fupi zaidi: "Aliyekula nao akae nao mpaka watakaswe." Walidhani atakimbia. Shule zilikuwa zinafungwa kwa likizo ya Desemba, na yeye alikuja kwetu amebeba godoro kichwani.

"Shikamoo baba. Nimekuja kukaa."

"Marahaba, mwalimu," baba alisema. "Karibu. Ila ukishaanza, hakuna kutoka."

Wiki za kwanza alinichosha. Alinipa kalamu za rangi, akaniuliza maswali kwa sauti ya upole ambayo ilinitia hofu zaidi, akaandika daftarini kwamba sikujibu. Kukamua hakuweza, na ugali wake ulikuwa na madonge ambayo bibi aliyahesabu kwa sauti. Kisha siku moja daftari sikuliona tena. Mama alikuwa amemsimulia habari ya ndama, fimbo na ugomvi wetu.

Mchana huo tulikuwa tunapukuchua mahindi. Akasema, bila kunitazama, "Bwenini kwetu palikuwa na matroni mkali. Mwaka mzima nilimuombea afe. Nilisali kabisa, kwa magoti. Mpaka leo yupo, na amenenepa."

Machozi yalinitoka yakadondokea mahindi. Hakunikumbatia, wala hakuniambia si kosa langu. Alinyoosha kidole zizini, alikokuwa beberu wa baba, dume la ndevu ambalo watu walikuwa wakiliomba kwa ajili ya majike yao. Akasema, "Mwambie yule afe. Tuone."

Nilikataa kwa kichwa. Siku nne nilikataa. Yule beberu ndiye aliyekuwa fahari ya baba, na mimi nilikwisha kumnyang'anya mtoto. Siku ya tano nilimsogelea, mwalimu akiwa nyuma yangu, nikasema, "Kufa." Ndilo neno langu la kwanza baada ya miezi minne, na sauti ilitoka na mikwaruzo. Beberu alinitazama, akaendelea kutafuna pindo la kanga ya mama iliyokuwa imeanikwa.

Siku ya tatu nilimshika masikio kuona kama yana joto. Siku ya tano sikula. Siku ya sita beberu aliruka ua akaingia kwenye maharage, na baba akamkimbiza na fimbo akipiga kelele, "Mjinga wewe, mwaka huu utakufa!" Nilicheka. Nilicheka kwa sauti, na katikati ya kicheko kikaja kilio, na katikati ya kilio nikaita jina la Safari, mara nyingi, sijui ngapi. Mama aliacha chungu motoni akaja mbio. Hapo ndipo nilipomwambia neno nililolisema siku ile ya ndama. Mama alikaa chini kwenye vumbi akanipakata kama mtoto mchanga, akasema, "Na wewe umebeba hili peke yako?"

Miaka mingi baadaye mwalimu alikiri kwangu kwamba wiki ile nusura afe yeye. Kila alfajiri aliwahi zizini kumpapasa beberu tumbo. "Vitabu havikusema nifanye nini akivimbiwa," aliniambia.

Baada ya utakaso alirudi darasani, na watoto wakarudi. Baadaye hospitali na shule za wilaya mbili zilimwita kufundisha wauguzi na walimu, na kila mahali alisema jambo moja: muulize mtoto yeye anadhani nini kimetokea. Alikiri kwamba alikuja kwetu akiiona mila ile giza tupu, akaondoka akiamini nusu yake ni dawa, kwa kuwa iliwapa watu wazima muda wa kukaa na huzuni. Nusu nyingine iliwasahau watoto. Wazee walimsikia polepole, kama ilivyo kawaida yao, na nyumba zilizoendelea na mila zikaanza kumteua shangazi mmoja wa kukaa na watoto.

Siku hizi tunazika saa nane, saa kumi na moja turubai linakunjwa, na kwenye kundi la simu wanamwaga vikatuni vya kulia. Nawacheka vijana na stresi zao, lakini nawaonea wivu pia. Wana neno. Mimi nilikuwa na beberu.

Mwaka jana Mwalimu Basilisa alifariki, nikaenda Nangwa kumzika. Jioni binti yake alinishika mkono, akasema, "Mama alikutaja sana. Kaa nasi siku chache, shangazi." Nikamjibu, "Nitakaa, mwanangu." Kesho yake alfajiri nilikuwa kwenye basi la Babati, kwa sababu kulikuwa na kikao kazini, na kupitia dirishani nikamwona anafagia uwanja peke yake. Mama yake alikaa kwetu wiki sita. Mimi kwao nililala usiku mmoja, na hata huo nilikuwa naangalia saa.